Pilipili mbuzi ndani ya nyumba: maswali ya joto na unyevu yanayoulizwa mara kwa mara

Nilianza kupanda pilipili mbuzi Dar es Salaam, kwenye varanda ya ghorofa ya pili, nikiamini mkono wangu una baraka. Nikahamia Mbeya, kwenye baridi ya nyanda za juu, na mbegu zilezile, mchanganyiko uleule wa mchanga na samadi, na zote zikagoma. Ndipo nikajua kwamba nusu ya kazi alikuwa ananifanyia mji, si mimi. Leo nina mashina 18 kwenye chumba kilichokuwa cha wageni (wageni wanalala sebuleni, na wananisema), na watu wananiuliza karibu maswali yaleyale. Haya ndiyo majibu yangu, kwa nyumba ya kawaida yenye feni, pazia na ndoo.

Kwa kifupi, pilipili zinataka joto kiasi gani?

Mchana nyuzi 21 hadi 29, usiku 16 hadi 21. Ukitaka kushika namba moja tu, shika 16 ya usiku. Karibu kila anayeniletea malalamiko ananitajia joto la mchana, kwa sababu ndilo analolisikia mwilini. Mmea unaharibikiwa alfajiri, wewe ukiwa umejifunika blanketi.

Chini ya nyuzi 15 mche haufi, ila unasimama tu. Ukikaa kwenye 10 kwa siku kadhaa majani yanalegea na kupauka hata kama udongo una maji. Juu ya 32 mche unaweza kuonekana mzuri kabisa, umejaa majani, lakini maua hayashiki. Pilipili kichaa huvumilia zaidi kidogo pande zote mbili. Mbuzi ndiye mwenye kudeka.

Mbegu zina wiki mbili hazijaota. Nizitupe?

Usitupe. Chomeka kipimajoto kwenye udongo wenyewe, si kukining'iniza ukutani. Udongo mbichi huwa na ubaridi kuliko hewa ya chumba, kwa sababu maji yanayokauka juu yake yanaondoka na joto. Chumba kikisoma 22, kopo la mbegu linaweza kuwa 19.

Na tofauti hiyo si ndogo. Mbegu za pilipili kwenye nyuzi 25 huchomoza kwa siku kama 8. Kwenye 20 huchukua kama 13, na kwenye 15 hufika 25, kama hazijaoza njiani. Mbuzi huchelewa zaidi ya pilipili nyingine. Hata kwenye joto zuri ninampa wiki tatu kabla sijaanza kunung'unika.

Mimi naotesha juu ya king'amuzi cha televisheni. Nachukua kopo tupu la aiskrimu, naweka karatasi laini iliyoloweshwa na kukamuliwa, napanga mbegu, nafunika, kisha naliweka juu ya kipande cha mbao ili lisigusane na tundu za hewa. Hapo ndani panasoma 27, na watu wa nyumbani wameshazoea kuangalia taarifa ya habari chini ya kopo la mbegu. Juu ya friji pia panafaa, kama friji yako ni ya zile za zamani zinazotoa joto kwa juu. Ukiweka kiganja utajua.

Mizizi myeupe ikitoka tu, hamishia kwenye udongo. Vichwa vikichomoza, ondoa kifuniko siku hiyohiyo. Watu wengi wanaacha kifuniko "ili vipate mvuke", halafu asubuhi wanakuta miche imelala, shina limekuwa jembamba kama uzi pale linapogusa udongo. Hicho ni kinyausi, ugonjwa wa kuvu unaoozesha shina la mche, na mche ukishalala hivyo hauinuki.

Na unyevu wa hewa uwe asilimia ngapi?

Kati ya 50 na 70. Lakini naomba usiishie kwenye namba hiyo, maana hapa ndipo nilipopoteza msimu mzima.

Asilimia inayoonyeshwa na kipimo haikwambii kuna maji kiasi gani hewani. Inakwambia hewa imejaa kwa sehemu gani ukilinganisha na inachoweza kubeba kwa joto lile. Hewa ya moto ina mfuko mkubwa, ya baridi ina mfuko mdogo. Kwenye nyuzi 25, mita moja ya ujazo ya hewa inaweza kubeba kama gramu 23 za maji. Kwenye 15, inabeba kama gramu 13 tu.

Sasa chukua chumba changu, jioni ya Juni. Kipimo kinasoma nyuzi 25, unyevu 60. Safi kabisa. Maana yake kuna gramu 14 hivi kwenye kila mita. Nafunga dirisha, nalala. Saa kumi na moja alfajiri chumba kimeshuka hadi 15, na mfuko sasa ni wa gramu 13. Hakuna aliyeongeza tone la maji, lakini hewa imefurika. Ile ziada inatua kwenye kioo cha dirisha, kwenye majani, ndani ya maua. Mimi nikiamka saa mbili, jua limeshaingia, kipimo kinasoma 65, na ninaapa kwamba chumba changu hakina shida ya unyevu. Kumbe kila usiku mimea inaoga.

Ndiyo maana mtu akiniuliza "nipunguzeje unyevu," namuuliza kwanza usiku chumba kinashuka nyuzi ngapi. Ukipunguza kuporomoka kwa joto, unyevu wa alfajiri unajirekebisha wenyewe kwa sehemu kubwa.

Nitajuaje kilichotokea usiku nikiwa nimelala?

Nunua kipimo kinachotunza kumbukumbu ya kiwango cha juu na cha chini. Vidogo vya betri vipo madukani na havina bei ya kutisha. Kiweke kwenye kimo cha majani, kivulini. Kikipigwa na jua kitakudanganya, kitasoma 38 wakati hewa ni 27. Asubuhi soma namba ya chini kabisa kabla ya kuifuta.

Kama huna, angalia kioo cha dirisha ukiamka. Kikiwa kimelowa kwa ndani, majani nayo huenda yalilowa.

Vipimo vya unyevu vya bei rahisi vinaaminika?

Vya joto kwa kawaida ndiyo. Vya unyevu, vipime kwanza. Changu cha kwanza kilitoka dukani kikiwa na uongo wa asilimia 11, na muuzaji alinihakikishia kwamba ndivyo vyote vilivyo.

Jaribio lenyewe ni la chumvi ya mezani. Chukua kizibo cha chupa ya soda, jaza chumvi, dondoshea matone machache ya maji hadi iwe kama uji mzito, isiyeyuke yote. Kiweke pamoja na kipimo ndani ya kopo linalofunga kabisa, ukiangalia visigusane. Acha usiku kucha mahali ambapo joto halibadiliki sana. Hewa iliyofungiwa na chumvi mbichi hutulia kwenye asilimia 75, iwe chumvi ya Uvinza au ya pwani. Changu kilisoma 64. Basi nikabandika karatasi nyuma yake, "ongeza 11", na nakitumia hadi leo.

Maua yanapukutika yote. Mbolea gani niweke?

Hili ndilo swali la kwanza kwa wingi, na mara nyingi jibu si mbolea. Kuongeza mbolea ya kukuzia wakati maua yanaanguka kunaleta majani zaidi na maua yaleyale chini.

Okota ua lililoanguka uliangalie. Kama kikonyo kimekatika safi pale kwenye kifundo, kikiwa cha manjano, mmea umeliachia wenyewe. Unaachia kwa sababu ua halikuchavushwa, au kwa sababu mmea umeona hali si ya kulea mtoto. Usiku chini ya 15, chavua inakuwa dhaifu. Usiku juu ya 24 au mchana juu ya 32, chavua inaharibika pia. Hewa ikiwa mbichi mno chavua inagandamana na haitoki; ikiwa kavu mno inakauka kabla haijashika.

Usiku wa baridi una alama nyingine: unapata vitunda vidogo, vimesinyaa, na ukikata ndani hakuna mbegu hata moja. Mimi nilifurahia vitunda hivyo mwaka wa kwanza, nikadhani nimepata aina mpya.

Ndani ya nyumba kuna jambo la ziada: hakuna upepo wala nyuki. Pilipili hujichavusha zenyewe, ila zinataka kutikiswa. Kati ya saa tatu na saa sita mchana, umande ukishakauka, gonga shina taratibu kwa kidole, au pitisha kijiti cha pamba cha masikio kutoka ua hadi ua. Ukiona unga mweupe kwenye pamba, chavua ipo na ni kavu. Ukiona pamba imetoka bila kitu siku tatu mfululizo, rudi kwenye kipimo chako.

Kila kitu kiko sawa, joto, unyevu, na bado maua yanaanguka!

Kuna ndizi humo ndani? Siulizi kwa mzaha. Niliwahi kuletewa mkungu kutoka Tukuyu, nikauweka chumba cha pilipili kwa sababu ndicho chenye joto, uive haraka. Uliiva haraka. Na maua yakapukutika ndani ya siku chache. Ndizi zinazoiva hutoa gesi ya ethilini, ileile inayoziivisha, na pilipili ikiipata huangusha maua. Weka matunda chumba kingine.

Naweza kuweka jiko la mkaa usiku kuongeza joto?

Hapana. Mkaa ndani ya chumba kilichofungwa hutoa kaboni monoksaidi, haina harufu, na inaua watu usingizini. Hata kama chumba cha mimea hakilali mtu, hewa hupita chini ya milango. Na kwa mimea yenyewe, mkaa usioungua vizuri hutoa ethilini ileile ya ndizi, kwa hiyo utapasha chumba na kuangusha maua kwa moto mmoja.

Mimi natumia madumu. Nimepaka rangi nyeusi madumu manne ya mafuta ya kula ya lita 20, nimeyajaza maji, nimeyapanga pale jua linapopiga mchana, na makopo ya pilipili yako mbele yake. Maji lita 80 yakishuka nyuzi 8 usiku, yanarudisha chumbani joto la kama balbu ya wati 75 iliyowaka kwa muda wa saa kumi, bila umeme. Ongeza na pazia zito. Alfajiri zangu zimetoka 12 hadi 16, na kioo hakilowi kama zamani.

Lakini angalia pazia hilo likae wapi. Mche ukibaki kati ya pazia na kioo, umeufungia upande wa baridi. Vuta mche ndani, halafu funga pazia.

Dirisha lipi ni zuri?

Kwa sisi wa kusini mwa ikweta, Juni na Julai jua linapita upande wa kaskazini, kwa hiyo dirisha la kaskazini ndilo lenye joto wakati wa kipupwe. Desemba jua linahamia kusini. Mimi nahamisha makopo mara mbili kwa mwaka.

Nipulizie majani maji kuongeza unyevu?

Kunaongeza kwa dakika chache, basi. Jioni usipulizie kabisa, hasa kwenye nyumba za nyanda za juu. Sahani ya kokoto na maji chini ya kopo nayo faida yake ni ndogo kuliko inavyosifiwa. Kama hewa ni kavu kweli, kwa Mbeya ni Septemba na Oktoba, sogeza mimea ikae pamoja na utundike khanga mbichi kwenye kamba karibu nayo, ncha ikining'inia ndani ya beseni la maji. Kitambaa kipana kinatoa mvuke mwingi kuliko sahani.

Chini ya majani kuna vipele kama chembe za chumvi. Ni wadudu?

Pitisha ukucha. Kama vinatoka na vinatembea, ni wadudu. Kama ni sehemu ya jani lenyewe, vigumu kidogo, vingine vimepasuka na kuwa kama kovu la kahawia, hayo ni maji. Mizizi imekunywa kuliko majani yanavyoweza kutoa, kwa sababu hewa imejaa na jani halina pa kutolea mvuke, basi seli zinavimba na kupasuka. Si ugonjwa, hauambukizi. Punguza kumwagilia, mwagilia asubuhi badala ya jioni, washa feni. Majani yenye kovu hayaponi lakini mapya yatatoka safi.

Nipo Dar. Chumba ni nyuzi 31, unyevu 80, usiku na mchana. Nifanyeje?

Feni. Ndogo, ya mezani, ipige pembeni ya mimea na si usoni, majani yatikisike kama yanaongea. Haitapunguza namba kwenye kipimo, lakini itaondoa hewa iliyoganda kuzunguka jani, ambayo ni mbichi kuliko ya chumba. Punguza majani ya ndani na ya chini ili upepo upite, na usibananishe makopo. Mwagilia alfajiri.

Kama usiku haushuki chini ya 26, usitegemee matunda mengi Januari na Februari. Acha mmea ukue, ukate vichwa, usubiri Juni. Ndugu zetu wa Dar wanasahau kwamba kipupwe chao cha nyuzi 20 usiku ndicho pilipili zinachokiota.

Kiyoyozi je?

Kinapoza na kukausha kwa pamoja. Kwa chumba cha Dar hiyo ni habari njema, mradi mdomo wake usielekee mimea. Jani linalopigwa na upepo wa nyuzi 16 moja kwa moja hukunjamana na kukauka kingo. Tatizo ni la wale wanaokiwasha usiku na kukizima mchana wakienda kazini, kwa hiyo mmea unaruka kutoka 19 hadi 33 kila siku. Afadhali varanda.

Majani yana madoa madogo ya njano, na kuna utando.

Utitiri mwekundu. Wanapenda hewa ya joto na kavu, na nyumba yenye kiyoyozi au hita ni peponi kwao. Weka karatasi nyeupe chini ya jani, gonga. Vumbi likitembea ndio wao. Peleka mche bafuni, uoshe majani kwa chini kwa maji ya kasi, rudia kila baada ya siku tatu kwa wiki mbili, na uongeze unyevu. Ukiona unga mweupe badala ya utando, huo ni ubwiri unga, na usidhani hewa kavu inakukinga nao.

Tunda linaoza kitako. Ni unyevu wa hewa?

Kwa sehemu. Kuoza kitako ni kalsiamu kutofika kwenye tunda. Kalsiamu husafiri na maji yanayopanda, na maji hupanda pale yanapotoka kama mvuke. Hewa ikijaa mno, safari inasimama. Hata hivyo, kwa mimea ya makopo kosa kubwa ni kumwagilia kwa mafungu: leo gharika, siku nne ukame. Rekebisha hilo kabla ya kununua chokaa ya kuongeza kalsiamu. Na usimwagilie maji ya bomba ya Julai moja kwa moja; yaache ndooni usiku ndani ya chumba yapate joto la udongo.

Niko Ulaya, wakati wa baridi, hita inawaka siku nzima.

Kwako hesabu ya mfuko inageuka. Hewa ya nje ya nyuzi sifuri, hata ikiwa imejaa kwa asilimia 80, ina gramu kama 4 tu za maji. Ukiingiza ndani na kuipasha hadi 22, mfuko unakuwa wa gramu 19 na unyevu unashuka hadi karibu 20. Mmea unakauka mbele ya dirisha lenye theluji. Toa kopo juu ya hita, kusanya mimea, tundika kitambaa kibichi, na ongeza taa, kwa sababu jua la Desemba huko halitoshi hata kwa mchicha. Walioko Muscat wana shida ya wenzao wa kiyoyozi. Wasome hapo juu.

Joto likizidi, pilipili inakuwa kali zaidi?

Ukali unaanzia kwenye mbegu. Hali ya chumba inaongeza au kupunguza, haibadilishi ukoo. Zinazoiva kwenye joto na udongo unaoachwa ukauke kidogo kati ya kumwagilia huwa kali kuliko zilizoivia kwenye baridi na maji mengi. Ila ukame ukizidi unapata kali tatu badala ya nzuri thelathini, na hata kachumbari ya wiki haitoshi.

Baridi imeupiga mche, majani yote yameanguka. Niung'oe?

Kwaruza gome la shina kwa ukucha. Chini yake pakiwa kijani, upo hai. Kata matawi hadi kwenye kijani, usiweke mbolea, mwagilia kikombe kimoja tu udongo ukikauka, uweke sehemu yenye joto kuliko zote, na usubiri hata wiki sita. Pilipili si mmea wa msimu mmoja. Ikitunzwa huishi miaka kadhaa. Shina langu kubwa kuliko yote lilibaki fimbo tupu Julai yake ya kwanza, na mama mkwe alitaka kulitumia kuegeshea nyanya. Linaingia mwaka wa tano sasa, na yeye ndiye anayelichuma.